Geti la Blaen Nant

Treni ya asubuhi itokayo Cardiff kwenda kaskazini ina ndoano mbili tu za kutundikia baiskeli, na Jumamosi ile ya mwisho wa Septemba moja ilikuwa imeshaning'inizwa begi la gofu ambalo mwenyewe hakutaka kuulizwa habari zake. Behewa lilikuwa limefurika. Kulikuwa na watu wa harusi waliovaa kofia pana, wanafunzi wenye usingizi, na waendesha baiskeli waliojazana mlangoni na suruali zao za kubana. Ikabaki ndoano moja, na mikono miwili ikaidaka kwa pamoja.

"Samahani dada, nimewahi."

"Umewahi nini? Mimi nimekuwa mlangoni tangu treni haijasimama, wewe umekuja kwa kuparamia watu."

Aliyeparamia watu aliitwa Gethin. Alikuwa mtoto wa mjini Cardiff, kazi yake kupima watu macho katika duka la miwani, na siku hiyo alikuwa amevaa nguo nyeusi mpya kuanzia shingoni hadi vifundoni, na miwani ya jua juu, ilhali nje mvua inanyesha. Mwenzake alikuwa Mererid, nesi wa wodi ya watoto. Jezi yake nyekundu ilikuwa na kiraka kiwikoni, soksi zake za manjano, na nywele zake za rangi ya shaba alizisuka mkia mmoja ulioanguka mgongoni. Gethin alimtazama akasahau alichokuwa anagombania.

"Moja tu," alisema kondakta. "Nyingine ishuke. Au mshuke wote wawili, kwangu mimi ni sawa."

Mererid alitoa mfukoni kipande cha kamba ya rangi ya chungwa, ile ya kufungia marobota ya nyasi kavu, akaitundika baiskeli yake ndoanoni, akaiegemeza ya Gethin, akazifunga pamoja kwa fundo moja la haraka. Kondakta alilivuta lile fundo, akalivuta tena, akaenda zake.

"Unatembea na kamba mfukoni?" Gethin aliuliza.

"Mimi binti wa mfugaji. Wewe unatembea na nini, kitana?"

Kwa bahati mbaya ni kweli alikuwa na kitana, na masikio yake yakawaka.

"Hilo ni fundo la baba yangu," Mererid alisema, akikaa juu ya mkoba wake. "Mtu mwingine halifungi hivyo. Hakuna kondoo aliyewahi kulifungua, na si kwamba hawajajaribu."

Wote wawili walikuwa wanakwenda kwenye safari moja, ile ya kilomita mia mbili inayoanzia Abergavenny, ikapanda na kushuka kila mlima inaoukuta, ikarudi pale pale ilipoanzia. Si mashindano. Kila mwaka wanakumbushwa kwamba si mashindano, na kila mwaka wanaume wa suruali za kubana wanasahau kabla ya kona ya kwanza.

"Utakapolia ni pale juu ya kwetu, Blaen Nant," Mererid alimwambia njiani. "Barabara inauzunguka mlima wote, unapanda mpaka unawatukana waliokuzaa. Na hapo hapo kuna kinjia cha shamba letu kinakata katikati, ukikipita huyo umeshafika chini kwenye ukumbi wa kijiji, tunakopumzika kunywa chai."

"Basi wewe unakipita."

"Siku ya safari? Nani kakwambia! Halafu niwatazame vipi wale mashangazi wanaotumiminia chai?"

Gethin alicheka. Kisha, kwa kuwa treni ilikuwa imeshaanza kupunguza mwendo na hakuona njia nyingine, akasema, "Nipe namba yako ya simu."

"Haraka ya nini?" Mererid alisimama akifungua kamba. "Haya. Ukiniwahi kufika ukumbini, nakupa."

*

Uwanjani mwandaaji alipanda juu ya kreti, akasema maneno anayoyasema kila mwaka: geti ukilikuta limefungwa, lifunge; ukilikuta wazi, liache wazi. Watu waliyaitikia kwa sauti moja kama watoto wa darasa la kwanza, wakacheka, wakaondoka. Gethin naye aliitikia.

Mererid alipanda milima kana kwamba anakwenda kuteka maji. Hakuinuka kwenye kiti, hakuhema, na mkia wa nywele ulikwenda kushoto na kulia bila wasiwasi. Gethin alimfuata kwa wivu na kwa furaha, akimtupia maneno kila alipopata pumzi.

"Dada, punguza, utachoka!"

"Sema wewe umechoka!"

"Mimi natazama mandhari!"

"Mandhari yako mbele, siyo mgongoni kwangu!"

Kisha, chini ya mlima wa Blaen Nant, tairi ya nyuma ya Gethin ikatoboka. Mererid aligeuka, akapunga mkono kwa uchokozi, akapotelea ukungani. Mikono ya Gethin ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi. Alipomaliza kuziba pancha na kuinua kichwa, barabara ilikuwa tupu, mvua imezidi, na mkono wa kulia pale pale palikuwa na kinjia chembamba chenye majani katikati.

Alikitazama. Akajiambia anakitazama tu. Halafu akajiambia ni mara moja, na kwamba si mashindano.

Juu, kinjia kilikatwa na geti la chuma lenye kutu. Kando yake palikuwa na beseni la kuogea la zamani ambalo kondoo walikuwa wananywea maji, na ng'ambo ya geti dume moja la kondoo lenye pembe nzito lilisimama peke yake likimtazama. Geti lilifungwa kwa kamba ya rangi ya chungwa. Gethin alilijua lile fundo. Alihangaika nalo kwa vidole visivyosikia, akilaani, kitanzi baada ya kitanzi, mpaka likaachia. Akapita, akalisukuma geti nyuma yake, akapanda baiskeli, na njia ikamchukua kwenda chini.

Alisikia mlio wa bawaba, akageuka. Geti lilikuwa limerudi, liko wazi kabisa, na kamba inaning'inia.

Mtu huyu kazi yake ni kupima macho ya wenzake, na yake hayana kasoro. Aliliona. Lakini alikuwa ameshateremka sana, na kurudi kulimaanisha kupanda kile kipande akisukuma baiskeli, na chini bondeni tayari paa la ukumbi lilikuwa linaonekana, na barabarani doa dogo jekundu, jezi ya Mererid, lilikuwa linashuka kwa kasi. Akaachia breki.

Mererid alipoingia ukumbini, maji yakimchuruzika, alimkuta Gethin amekaa na kikombe cha chai na kipande cha mkate wa zabibu uliopakwa siagi nzito.

"Wewe!" Alimsogelea kwa mshangao wa kweli. "Umepita wapi?"

"Miguu tu, dada."

Shangazi mmoja mwenye aproni alicheka, akamwongezea Gethin chai. Mererid akachukua kalamu ya pale mezani, akaushika mkono wa Gethin, akamwandikia namba yake juu ya kiganja, polepole, huku akitabasamu. Gethin alitazama pembeni.

*

Walipendana, na mimi sitalificha hilo kwa sababu tu lilianza vibaya. Cardiff ilipoingia baridi walikuwa hawaachani. Alimngoja nje ya hospitali zamu zikiisha, naye akitoka bado na sare yake ya bluu chini ya koti, wakala chipsi zenye siki wakitembea kando ya mto. Simu zilikuwa hazikauki.

"Umelala?"

"Nimelala, ninaongea usingizini. Unasemaje, bingwa?"

"Usiniite bingwa."

"Kwa nini? Umenishinda kwenye mlima wa kwetu, hata kaka zangu hawajawahi. Nimeshamwambia baba. Anataka kukuona hiyo miguu."

Kila akiitwa bingwa, Gethin alibadilisha mazungumzo haraka.

Mwishoni mwa Februari, mchana mmoja theluji ikianguka, Mererid alipiga simu kutoka shambani. Alikuwa analia.

"Kondoo wanazaa, Gethin."

"Si vizuri hiyo?"

"Vizuri nini! Sisi tunazalisha Aprili, majani yakishaota. Hawa ni wale majike wachanga ambao hata hatukutaka wapandwe mwaka huu. Wanazaa kwenye theluji, hawana maziwa, vichanga vinakufa mikononi mwangu. Dume liliingia kwao Septemba. Na unajua baba kaniambia nini leo? Kwamba siku ile ya safari yetu jioni alilikuta geti la juu liko wazi na dume limo ndani. Akalitoa, akafunga, hakumwambia mtu. Kwa sababu aliyepita pale asubuhi ni yeye peke yake. Anasema aliliacha wazi yeye."

Gethin alikuwa amesimama dukani kati ya vioo. Kila alipogeuka alijiona.

"Huenda… huenda ni upepo," alisema.

"Upepo unafungua fundo la baba? Hujanielewa. Babu alianza hivyo hivyo. Kwanza mageti, halafu akasahau jiko, halafu akasahau majina yetu. Sasa baba anajua na yeye imemfikia. Anasema atauza kondoo wote kabla hajafanya jambo baya zaidi. Gethin, unajua alivyokaa? Amekaa jikoni, anaifunga ile kamba na kuifungua, anaifunga na kuifungua."

Hapo ndipo pa kusema. Neno lenyewe lilikuwa fupi na mtu alikuwa anasikiliza. Gethin alisema, "Pole, mpenzi," akasema kuna mteja, akakata simu. Hapakuwa na mteja.

Kesho yake Mererid alipiga, hakupokea. Keshokutwa vilevile. Si kwamba hakumpenda. Alikuwa akiiona ile namba ikiwaka anakumbuka alivyoipata, na aibu ilimshika kiasi cha kuifunika simu kwa mto kama mtu anayeficha maiti. Aliacha kula kwa starehe. Baiskeli aliigeuzia ukutani.

Mwishowe Mererid alimwachia ujumbe wa sauti. Alikuwa halii tena.

"Nimeelewa, bwana. Wakati wa chipsi ulikuwepo, wakati wa tope umekimbia. Kama hutaki mwanamke anayenuka kondoo ungesema tu, mimi si mtoto. Mnada wa baba ni mwezi ujao. Kaa salama."

Aliusikiliza ujumbe ule akiwa amesimama jikoni kwake na viatu miguuni. Akausikiliza tena. Kisha akavaa koti.

*

Alishuka kwenye treni, akapanda baiskeli kwenye barabara yenye theluji iliyoanza kuyeyuka, na safari hii mlima aliuzunguka wote, kwa barabara, akisukuma pale alipoteleza. Alipofika uani Blaen Nant alikuwa amelowa mpaka kwenye soksi. Mbwa alimbwekea, akamfuata nyuma hadi kwenye banda.

Ndani kulikuwa na joto la wanyama na harufu ya maziwa. Mererid alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi, amevaa buti za mpira na sweta ya baba yake, anamnyonyesha mwanakondoo kwa chupa. Kando yake alisimama mzee mrefu mwenye kofia ya bapa: Idwal, baba yake.

"Huyu ndiye mwenye miguu?" mzee aliuliza.

"Alikuwa," Mererid alisema bila kuinua kichwa. "Umekuja kuchukua nini?"

Gethin alikuwa amepanga maneno njia nzima. Yote yalimtoka kichwani, akabaki na lile moja.

"Mzee, geti ulilifunga."

Idwal hakusogea.

"Ulilifunga kwa kamba ya rangi ya chungwa. Ncha ilipita mara mbili, ikachomekwa chini ya kitanzi, ikavutwa kushoto. Nililifungua mimi. Vidole vilikuwa na baridi, lilinichukua muda, ndiyo maana nalikumbuka. Nilikata njia kwa kupita kwako ili nimwahi binti yako ukumbini. Na nilipogeuka nikaliona liko wazi. Nililiona, mzee. Sikurudi."

Mwanakondoo alikuwa bado ananyonya. Idwal alitazama mikono yake mwenyewe, akaiigiza hewani: mara mbili, chini ya kitanzi, kushoto. Akakaa kwenye robota la nyasi, akavua kofia, akajifunika uso nayo. Mabega yalikuwa yanatikisika. Gethin alidhani analia, na ni kweli alikuwa analia, lakini alipoishusha ile kofia alikuwa anacheka pia.

"Nililifunga," alisema. "Mererid, umesikia? Nililifunga."

"Nimesikia, baba."

"Mjinga mkubwa wewe," Idwal alimwambia Gethin, akijifuta macho. "Mpumbavu wa mwisho. Njoo hapa." Akamshika mkono, akautikisa, akaushikilia hivyo hivyo.

Mererid alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa mweupe na madoa yake ya jua yameonekana yote.

"Geti, sawa," alisema. "Mtu anaweza kuacha geti. Hata ile namba, sawa, umeniibia, nitajicheka. Lakini mimi nilikupigia, Gethin. Nilikwambia baba yangu amekaa jikoni na kamba. Nawe ukaniambia pole. Ulimwacha akae vile, siku zote hizo, na dawa ilikuwa mdomoni mwako."

"Niliona aibu."

"Basi endelea kuiona. Nenda."

Gethin alitoa simu yake, akaifungua, akaifuta namba ile mbele ya Mererid, kwa kuwa hakuipata kwa haki. Akaelekea mlangoni.

"Kijana," Idwal aliita. "Aprili nitakuwa na kondoo wa kuzalisha, maana siuzi tena. Wewe utakuja. Hilo sikuombi."

*

Alikwenda. Kila Jumamosi ya Aprili, na Mei, na hata baada ya hapo alipokuwa hahitajiki. Alijifunza kukamata kondoo kwa mguu, akapigwa teke la kifua, akabeba maji, akanywa supu ya kondoo na viazi meza moja na mzee. Mererid akija nyumbani, yeye anaingia mlango wa mbele na Gethin anatokea wa nyuma. Wakikutana uani wanasalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya posta. Usimsikitikie sana. Yeye mwenyewe hakujisikitikia, na kila Jumamosi, kabla ya kuondoka, alipanda mpaka kwenye geti la juu kuhakikisha, akashuka tena.

Septemba ikafika. Uwanjani Abergavenny waliitikia maneno ya mageti, na Gethin hakucheka. Mererid alikuwa mbele kabisa na jezi yake ya kiraka, akaondoka bila kugeuka. Gethin alipanda taratibu. Alipofika penye kinjia cha shamba alikipita bila kukitazama, akauzunguka mlima wote, akawatukana waliomzaa, akatapika mara moja ukutani pa mtu, akaendelea. Karibu na kileleni alimkuta mama mmoja wa makamo amekwama na mnyororo uliokatika. Akakaa naye hadi ukatengenea.

Alipofika ukumbini mashangazi walikuwa wanakausha vikombe. Viti vimepandishwa juu ya meza, isipokuwa kimoja. Mererid alikuwa amekikalia, na mbele yake sahani yenye kipande kimoja cha mkate wa zabibu.

"Umechelewa," alisema.

"Nimepita barabarani."

"Najua. Baba alikuwa kwenye geti na darubini tangu asubuhi." Akaisukuma sahani. "Kwa hiyo hujanishinda."

"Sijakushinda. Wala sitakushinda."

"Hutanishinda, bwana, usijidanganye. Kula."

Alikula. Machozi yalimdondokea kwenye mkate, akaendelea kula hivyo hivyo, na Mererid akamwangalia bila kumsaidia.

"Bado nina hasira," alisema.

"Najua."

"Zitakuwepo muda. Kuna siku nitaamka nazo na hutajua umefanya nini."

"Nitajua."

Walimaliza kilomita zilizobaki pamoja, milima ikiwa ya mwisho na miguu ikiwa imekwisha. Kituoni treni ya jioni ilifika imejaa. Ndani ya behewa kulikuwa na ndoano moja wazi, na kondakta yule yule.

"Moja tu," alisema.

Gethin alishika usukani wa baiskeli yake akitaka kushuka. Mererid akaingiza mkono mfukoni, akatoa kamba ya rangi ya chungwa, hakuifunga. Akamtia Gethin kiganjani, pale pale alipowahi kumwandikia namba.

"Funga wewe."

Watu walikuwa wanasukumana nyuma yao, mtu mmoja akaguna. Gethin aliziweka baiskeli pamoja, akapitisha ncha mara mbili, akaichomeka chini ya kitanzi, akavuta kushoto. Vidole vyake vilijua. Wakati wote wa kiangazi alikuwa amelifunga fundo lile kwenye geti la juu na mzee akilifungua bila kusema kitu, mpaka siku moja hakulifungua.

Mererid alilishika, akalivuta kwa nguvu, kama anavyovuta baba yake. Akavuta tena. Halikuachia.

"Haya," alisema, akamsogezea nafasi juu ya mkoba wake. "Kaa."